Lesi ya Jadi katika Mitindo ya Majaribio: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wabunifu, wanafunzi wa mitindo na mafundi walioishika lesi mkononi wakajiuliza kama inaweza kufanya zaidi ya kupamba pindo la gauni. Majibu yana upande: naamini lesi hupata uhai mpya mbunifu anapoelewa jinsi uzi wake unavyopita, na kwamba kuiga sura yake pekee hakufiki mbali. Asiyekubali atazikuta sababu zangu humu humu.

Lesi ni nini hasa?

Ni kitambaa kinachozaliwa pamoja na matundu yake. Hakuna nguo iliyotangulia kisha ikatobolewa. Uzi unapita, unaacha nafasi, unajishika wenyewe, na zile nafasi ndizo zinazochora ua.

Katika karne ya 16 mafundi wa Italia walikuwa wakichomoa nyuzi kwenye kitani na kushonea juu ya zile zilizobaki, kazi iliyoitwa reticella. Wakazidi kuchomoa hadi kitani kikabaki fremu tu. Mwisho wakakiacha kabisa: walitandaza uzi juu ya ngozi laini iliyochorwa, wakashona pasipo kitambaa chochote chini, na mtindo huo ukaitwa punto in aria. Ukiniuliza ni jaribio gani katika historia nzima ya lesi lilihitaji ujasiri mkubwa kuliko yote, nitakutajia hilo kabla ya printa na kabla ya leza.

Kuna njia gani za kuitengeneza kwa mkono?

Mbili ndizo nguzo. Ya kwanza ni lesi ya sindano. Fundi anaweka uzi wa kuchora juu ya mistari ya pateni, yaani mchoro wa kufuata, na kuubana kwa mishono midogo inayopita hadi kwenye kitambaa cha nyuma chenye tabaka mbili. Kisha anajaza nafasi kwa mshono ule ule wa kushonea matundu ya vifungo, safu juu ya safu, bila kugusa kilicho chini. Akimaliza, anapitisha wembe au mkasi kati ya tabaka hizo mbili, mishono ya kubana inakatika, na lesi inainuka peke yake.

Ya pili ni lesi ya vijiti. Hapa pana mto mgumu, karatasi iliyotobolewa kufuata mchoro, pini, na nyuzi zilizozungushwa kwenye vijiti vidogo vinavyotembea jozi kwa jozi. Kazi yote, hata ile inayohitaji mamia ya vijiti, imejengwa kwa miendo miwili. Chukua nyuzi nne zilizolala sambamba. Kukatiza: ulio nafasi ya 2 unapita juu ya ulio nafasi ya 3. Kusokota: wa 2 unapita juu ya wa 1, na papo hapo wa 4 juu ya wa 3. Namba ni za nafasi, si za nyuzi, kwa hiyo baada ya kila mwendo unahesabu upya kutoka kushoto. Katiza, sokota, katiza: unapata sehemu iliyofumika kama kitambaa cha kawaida. Katiza, sokota, halafu rudia: unapata wavu wa mshazari unaopitisha mwanga. Pini inashikilia mahali hapo mpaka nyuzi zijibane. Anayejua kusuka nywele ataizoea haraka, kwa sababu vidole vinakumbuka mpangilio kabla ya akili.

Kroshia, makrame na lesi ya mafundo ya sindano nazo zina familia zake. Kroshia ndiyo rahisi kuanza nayo, kwa kuwa inahitaji uzi mmoja na ndoano moja.

Kwa nini wabunifu wa majaribio wanairudia sasa?

Watu wengi husema ni uchovu wa vitu vya kiwandani. Inawezekana, lakini ziko sababu za kiufundi ninazoziamini zaidi.

Lesi haihitaji kukatwa. Kitambaa cha mtambo wa kufumia hutoka mstatili, na fundi anakata umbo la mkono au kifua huku mabaki yakianguka sakafuni. Lesi ya vijiti au ya sindano hufuata mchoro uliouweka: ukichora umbo la bega, unatengeneza bega. Vilevile unaweza kubadili uzito ndani ya kipande kimoja, kuwe kuzito kifuani na kwepesi mbavuni, bila mshono wowote katikati. Na lesi haichagui malighafi. Chochote kirefu chenye kupinda kinaweza kukatizwa na kusokotwa. Kwa mbunifu anayetafuta umbo geni, uhuru huo ni mkubwa kuliko ule anaoupata kwenye robota la kitambaa.

Je, lesi inayouzwa kwa mita imetengenezwa vipi?

Karibu yote ni ya mashine, na mashine hizo nazo zina historia ya kuheshimiwa. Mwingereza John Heathcoat alipata hataza ya mashine ya neti mwaka 1809. Mwaka 1816 wavunja mashine walivamia kiwanda chake Loughborough, wakaharibu mitambo 55, naye akahamishia kazi Tiverton. John Leavers alitengeneza mashine yake Nottingham mwaka 1813. Baadaye iliunganishwa na kadi za Jacquard, kadi zenye matundu yanayoongoza nyuzi, na ikawa inatoa maua magumu yaliyokuwa yakitoka mikononi tu. Mashine za Leavers hazitengenezwi tena. Zinazofanya kazi Calais na Caudry, Ufaransa, ni kuukuu, na mafundi wanaozijua ni wachache. Ndiyo maana lesi yake ni ghali.

Njia nyingine ni ya kudarizi. Isaak Gröbli wa Uswisi alibuni mashine ya Schiffli mwaka 1863. Hudarizi juu ya kitambaa cha muda, kisha kitambaa kile kinayeyushwa kwa kemikali au maji, ikabaki darizi tupu. Hiyo ndiyo gipia, lesi nzito isiyo na wavu. Mji wa Lustenau, Austria, umekuwa ukidarizi vitambaa kwa ajili ya soko la Nigeria tangu miaka ya 1960. Lesi nyingi za sherehe zinazojulikana Afrika Magharibi zina asili hiyo.

Lesi ya bei nafuu zaidi hufumwa na mashine za Raschel kwa poliesta au nailoni. Inyooshe kidogo uitazame kwa kioo cha kukuzia: utaona vitanzi kama vya sweta.

Nikikata kitambaa kwa leza, nimetengeneza lesi?

Hapana. Umetengeneza kitambaa chenye matundu mazuri, na hakuna ubaya, ila usitarajie kianguke mwilini kama lesi. Katika lesi, kila uzi unaozunguka tundu unaweza kuteleza kidogo, ndiyo sababu kipande kinafuata mwili. Kitambaa kilichokatwa hakina mtelezo huo. Kinakunjika kama karatasi kwenye sehemu nyembamba, na hapo ndipo kinapochanika.

Ukiamua kukitumia, hakikisha kila ua limeunganishwa na jirani zake kwa daraja zaidi ya moja. Poliesta huyeyuka ukingoni na kujifunga yenyewe, hivyo haifumuki. Pamba hubaki na ukingo wa kahawia, wakati mwingine na harufu ya moshi. Na tafadhali usiingize plastiki ya PVC kwenye mashine ya leza hata kwa jaribio dogo: hutoa gesi yenye klorini inayodhuru mapafu na kula vyuma vya mashine.

Vipi kuhusu printa ya 3D?

Hapa pana mambo ya kusisimua, pamoja na kelele nyingi. Mholanzi Iris van Herpen alionyesha vazi la kuchapwa kwa 3D Amsterdam mwaka 2010, katika mkusanyiko wa Crystallization. Lilikuwa gumu, karibu na gamba. Januari 2013 huko Paris, katika mkusanyiko wa Voltage, alitoa gauni linalopinda alilolifanya na mbunifu Julia Koerner pamoja na kampuni ya uchapaji wa 3D ya Materialise, na uhusiano wake na lesi unaonekana waziwazi. Mwaka 2015 Danit Peleg wa Israeli alihitimu chuo kwa mkusanyiko mzima uliochapwa kwa printa za nyumbani. Alitumia plastiki laini na maumbo yanayonyumbuka, na uchapishaji ulichukua zaidi ya saa 2,000. Kwa hiyo wanaodhani printa imeondoa uvumilivu kwenye kazi hii wafikirie tena.

Somo kwa maoni yangu liko kwenye maumbo yale yanayonyumbuka. Mchoro wa ua la kale ukichapwa kwa plastiki ngumu unakuwa pambo la ukutani. Lakini muundo ambao kila pingili yake inaweza kufunguka na kufunga umerithi tabia ya lesi, hata kama haufanani nayo.

Njia rahisi ya kuanza: chapa tabaka mbili tatu, simamisha printa, tandaza neti iliyovutwa vizuri juu yake, ibane pembeni, kisha endelea. Plastiki ya moto hupenya matundu ya neti na kushikana na tabaka za chini. Unapata mapambo magumu juu ya kitambaa laini, na mwili unaweza kusogea kati yake. Neti ikilegea hata kidogo, kichwa cha printa kitaikamata na kuharibu kila kitu.

Kompyuta inaweza kubuni lesi mpya?

Inaweza, na huu ndio upande ninaoupenda kuliko yote ya kidijitali. Mtafiti wa Kanada Veronika Irvine, katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 2016 katika Chuo Kikuu cha Victoria, aliandika sheria za lesi ya vijiti kwa lugha ya hisabati, kisha akaiachia kompyuta itafute nyavu zote zinazowezekana ndani ya mipaka aliyoiweka. Sheria ya msingi ni fupi: penye kila makutano, jozi mbili zinaingia na jozi mbili zinatoka. Pamoja na masharti mengine, hiyo inatosha kutenganisha mchoro unaofumika na ule unaopendeza kwenye skrini tu. Utafutaji huo ulitoa idadi kubwa ya nyavu ambazo hazikuwa kwenye vitabu vya pateni.

Angalia alichofanya. Hakuitaka kompyuta itoe picha zinazofanana na lesi. Aliifundisha uzi unavyopita. Picha za lesi unazoweza kuzitoa leo kwa programu za akili bandia hazina dhamana hiyo. Fuatilia uzi mmoja katika picha ya namna hiyo, na mara nyingi utakuta umepotelea hewani.

Nitumie uzi gani?

Wa jadi ni kitani, pamba na hariri. Ila hata katika jadi watu walijaribu: watawa wa Kibenedikto wa kisiwa cha Hvar, Kroatia, hutengeneza lesi kwa nyuzi zinazotolewa kwenye majani ya mwagave. Waya, nywele za farasi, vipande vya ngozi, mipira ya ndani ya baiskeli iliyokatwa nyembamba, kamba za meli, vyote vimewahi kupita juu ya mto au kitu kikubwa kuliko mto.

Shida huanza unapobadilisha unene bila kubadilisha mchoro. Mafundi wa lesi wana hesabu ya kulitatua. Zungusha uzi wa asili kwenye rula, mizunguko ikae bega kwa bega bila kubanana, uhesabu mizunguko ndani ya sentimita 1. Fanya vivyo hivyo kwa uzi wako. Ukipata 24 kwa ule wa asili na 6 kwa wako, kuza mchoro mara nne. Uzi mnene kwenye mchoro mdogo hutoa kitu kigumu chenye matundu yaliyozibwa. Uzi mwembamba kwenye mchoro mkubwa hutoa utando unaolegea pini zikitoka.

Kila malighafi ina visa vyake. Waya hausamehi: ukiupinda na kuunyoosha mara kadhaa unakuwa mgumu na kukatika, kwa hiyo kosa la safu tatu nyuma mara nyingi ni bora uligeuze kuwa sehemu ya mchoro. Angalia pia kama una nikeli, kwa sababu ngozi za watu wengi haziivumilii. Uzi wa kuvulia samaki huteleza na kufungua mafundo, funga ncha zake kwa joto. Kamba nene huleta tatizo la uzito: mita moja ya lesi ya kamba inaweza kuvuta vazi zima chini, na pini nazo inabidi ziwe misumari.

Sina mto wala vijiti. Naweza kutumia cherehani?

Ndiyo, na matokeo yanaweza kushangaza. Unahitaji karatasi laini inayoyeyuka kwenye maji, ile wanayoitumia wadarizi. Ikunje iwe mbili, ibane kwenye fremu ya kudarizia, shusha meno ya cherehani, tumia mguu wa kudarizi, kisha sogeza fremu kwa mikono ukichora kwa sindano.

Siri iko kwenye kushikamana. Kila mstari lazima ukatize mstari mwingine, na mistari ya msingi ipitiwe zaidi ya mara moja. Kabla ya kuosha, inua fremu kwenye mwanga ufuate mchoro kwa kidole: kama kuna ua lisilogusana na kitu, litaelea kwenye beseni. Ukisuuza kidogo tu, mabaki ya ile karatasi hubaki kwenye uzi na kuukausha uwe mgumu. Ukisuuza sana, lesi inalainika. Kwa kola inayosimama ningeacha mabaki. Kwa mkono wa blauzi ningeosha mpaka maji yawe safi.

Vazi zima la lesi ya mkono linachukua muda gani?

Fanya hesabu kabla ya kuahidi. Lesi ya sindano ya Alençon, Ufaransa, huhitaji takriban saa 7 kwa kila sentimita moja ya mraba, na fundi huchukua miaka 7 hadi 10 kuimudu. Kipande cha sentimita 10 kwa 10 ni saa 700. Lesi ya vijiti yenye nyuzi nene iko mbali kabisa na hapo, unaweza kumaliza paneli kubwa kwa siku chache, lakini kanuni haibadiliki: chagua sehemu ambayo mkono utaonekana, kisha uilipie sawasawa. Sioni maana ya kujaza lesi ya mkono mahali ambapo mkanda au koti litafunika.

Nitaunganishaje lesi na sehemu nyingine za vazi?

Usipitishe mshono ulionyooka katikati ya ua. Kata kuzunguka maua, laza kipande kimoja juu ya kingine mpaka michoro ikutane, kisha shona kwa mkono kwa mishono midogo kufuata kingo. Mshono unapotea.

Vazi la harusi la Catherine Middleton, aliyeolewa na Mwanamfalme William wa Uingereza mwaka 2011, lililobuniwa na Sarah Burton wa nyumba ya mitindo ya Alexander McQueen, ni mfano ulioandikwa vizuri. Maua ya lesi yalikatwa na kushonewa kwa mkono juu ya neti ya hariri na mafundi wa Royal School of Needlework, shule ya kudarizi ya Uingereza, ambao walinawa mikono kila nusu saa na kubadilisha sindano kila baada ya saa 3 ili kazi ibaki safi. Mtindo wenyewe haukuwa wa majaribio hata kidogo. Nidhamu ile, hata hivyo, ndiyo inayokosekana kwenye kazi nyingi za majaribio ninazoziona, ambapo wazo ni zuri na gundi inaonekana.

Lesi yangu inajikunja nikiitoa kwenye mto. Kwa nini?

Mara nyingi pini zimetolewa mapema au nyuzi zimevutwa kwa nguvu tofauti upande mmoja na mwingine. Iache na pini zake usiku mzima, ikiwezekana baada ya kuinyunyizia maji kidogo kama ni pamba au kitani. Ikizidi kujikunja, tatizo liko kwenye msokoto wa uzi wenyewe: vijiti vikizunguka ovyo mkononi huuongezea au kuupunguzia msokoto, na uzi hulipiza.

Je, ni sawa kutumia lesi ya jamii nyingine katika mkusanyiko wangu?

Swali hili lina umri mrefu. Mwaka 1665 Colbert, waziri wa Louis wa 14, alianzisha viwanda vya kifalme vya lesi nchini Ufaransa, na mafundi wa Venezia wakavutwa kwenda kufundisha huko kwa sababu fedha nyingi za Ufaransa zilikuwa zikiishia Italia. Michoro ya lesi imekuwa ikivuka mipaka, kwa hiari na kwa hila, tangu siku hizo.

Baadhi ya mila sasa zimo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika: Lefkara ya Kupro na lesi za Kroatia mwaka 2009, sindano ya Alençon mwaka 2010, lesi ya vijiti ya Slovenia mwaka 2018. Orodha hiyo inatambua ujuzi. Si hati ya kumiliki mchoro. Sheria ikinyamaza, wewe una mambo mawili ya kufanya: wataje mafundi kwa majina yao, wakikubali, na uwalipe kwa saa. Historia ya lesi imejaa watoto waliofundishwa kufanya kazi hii kutwa kwa ujira mdogo, na wanawake waliolipwa kwa kipande na dalali. Mbunifu anayejiita wa kisasa huku akilipa kwa utaratibu ule ule hajabuni kitu kipya.

Wenye mila nao hawana sauti moja. Koniaków, kijiji cha Poland kinachojulikana kwa lesi ya kroshia iliyotumika kwenye vitambaa vya altare, kulizuka ubishi mkali baada ya baadhi ya wanawake kuanza kuitumia kutengeneza chupi na kuziuza. Wengine waliona ni kufuru, wengine riziki. Mimi niko na wa pili, maana hao walikuwa mafundi wenyewe wakiamua kuhusu kazi yao.

Inafuliwaje?

Maji ya vuguvugu, sabuni isiyo kali, bila kusugua wala kukamua. Ilaze juu ya taulo, inyooshe kwa vidole, ibane kwa pini zisizoshika kutu mpaka ikauke. Ya plastiki iepushe na pasi, na ya waya futa kwa kitambaa kikavu.

Naweza kuona kazi nzuri na kujifunza wapi?

Calais kuna Cité de la Dentelle et de la Mode, makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2009, ambako mashine za Leavers huwashwa mbele ya wageni. Idrija, Slovenia, kuna shule ya lesi iliyoanza mwaka 1876. Le Puy, Ufaransa, kuna karakana ya taifa ya lesi ya vijiti tangu 1976. Kisiwa cha Burano, karibu na Venezia, kina makumbusho kwenye jengo lililokuwa la shule ya lesi iliyoanzishwa mwaka 1872.

Asiyeweza kusafiri aanze na jozi sita hadi nane za vijiti (vibanio vya nguo vya mbao vinatosha mwanzoni), uzi wa pamba mnene wa rangi mbili ili aone kila mmoja unakokwenda, na pateni ya utepe ulionyooka. Atengeneze utepe huo kwa katiza-sokota-katiza, kisha kwa katiza-sokota, halafu achanganye hizo mbili katika utepe mmoja bila pateni kumwambia wapi abadilishe.